Konseto Ambayo Jaji Hakuijua

Nilipokuwa nikifundisha muziki Maseno miaka ya themanini, nilipata kwenye kabati la kanisa nota za konseto ya filimbi, muziki mrefu ambao filimbi huongoza na vyombo vingine kuifuata, kazi ya zaidi ya miaka mia mbili ambayo mtunzi wake alikuwa amesahaulika kabisa. Niliifanyia mazoezi miezi minne, mke wangu akinisindikiza kwa kinanda. Tulipoipeleka kwenye mashindano Kisumu, jaji alifunua kurasa mbili tu, akanirudishia.

"Mwalimu, huyu mtunzi simjui."

"Ndiyo sababu nataka asikike, Mzee."

"Nitakupimaje na sijawahi kuisikia? Piga kitu kinachojulikana."

Nilipiga alichokizoea, nikapewa cheti.

"Ungekataa," mke wangu aliniambia tulipofika nyumbani.

Alisema kweli, na hilo liliniudhi kuliko yule jaji.