Mwisho wa Dunia Mlangoni kwa Mama Catarina

Nilipokuwa na miaka kumi, pale Umbilo, mtaa wa ugenini karibu na bandari, niliiogopa kalenda. Ulikuwa mwaka 2012, na saluni nzima alikosuka mama ilisema Wamaya wa kale walihesabu siku hadi Desemba ile, kisha dunia basi. Silali, situlii; kila ngurumo nilidhani ndiyo hiyo.

Na mimi, mdomo wangu hauna breki, ndiye niliyesema nyumbani kwamba jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Catarina, ni Mmaya.

Mama alisimama na kitana mkononi. "Ni batu ba kwabo ndiyo banasema dunia inaisha? Usikule tena vitu vya ule mama, unasikia?"

Nilisikia, na nikaumia. Kila nikitoka shule nilishinda kwake hadi mama arudi kutoka kazini. Mumewe alikuwa fundi wa meli. Mama Catarina mwenyewe alitoka mji mdogo wa milimani Guatemala, na hakuchoka kuusimulia: jinsi mapadri walivyobomoa hekalu la wazee wao, wakajenga kanisa kwa mawe yaleyale. Jinsi bibi zake walivyoendelea kuwafukizia wafu ubani kwenye ngazi za kanisa hilo, padri akiwatazama tu. Nilipomuuliza kuhusu mwisho, alicheka. Hesabu ikiisha, alisema, huanzwa nyingine. Nilimwamini mchana; jioni, mama akianza kukemea mapepo, imani yote kwisha.

Siku ya kuamkia mwisho, Mama Catarina aligonga kwetu na sahani ya unga wa mahindi uliopikwa ndani ya majani, mfano wa chikwange, mkate wa muhogo wa kwetu. Mama aliipokea kwa vidole viwili, akaimwaga kwenye pipa la taka la korido mbele ya mgeni, kwa jina la Yesu. Vipande vingine vikaanguka sakafuni.

Mama Catarina akapiga magoti. Kwao hindi likitupwa hulia, na kuliacha likilia ni kualika njaa. Akaokota kimoja kimoja. Kisha akanitazama, akaniuliza kwa Kiingereza:

"Na wewe, unaniogopa?"

Mama alikuwa nyuma yangu. Nikasema ndiyo.

Kesho yake jua likatoka, taksi zikapiga honi. "Eish, balitudanganya," mama akacheka, akaenda kusuka, na kwake yakaisha. Mama Catarina aliendelea kunisalimu, kwa adabu ya mtu na mgeni, lakini hakunikaribisha tena. Mwaka uliofuata walihama.

Mama nilimsamehe zamani. Yeye aliogopa kweli, na hakuwahi kukaa jikoni kwa yule mama. Mimi nilikaa. Nilijua, na bado nikasema ndiyo.