Nyumba ya Sisimizi na Mafiga ya Muyinga

Nilipokuwa mtoto nilijenga nyumba tatu, zote za sisimizi, na ya tatu ndiyo iliyombakiza Bibi kwetu. Nyumbani kisa hiki husimuliwa kwa namna nyingi. Mdogo wangu Odeta husema siku ile mvua ilikuwa ikinyesha, haikunyesha. Mama husema Baba alicheka, hakucheka. Naandika kama nilivyoona, maana nilikuwa nimechuchumaa palepale, pua yangu ikigusa kioo.

Tulikuwa tumehamia mtaa wa Musinzira, mjini Gitega, tukitokea Muyinga. Muyinga ndiko tulikofikia tuliporudi nchini kwetu kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na Bibi, mama yake Baba, alibaki huko peke yake kwenye nyumba ya kilimani. Baba ni fundi wa madirisha, kazi aliyojifunza Tanzania, na Gitega ndiko watu walikokuwa wakijenga. Nyuma ya nyumba yetu mpya palikuwa na rundo la vipande vya vioo ambavyo hatukuruhusiwa kuvigusa. Vipande hivyo vilininyima usingizi.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa chupa kubwa ya mayonezi iliyojaa udongo. Sisimizi walichimba, wakaenda zao katikati, nikabaki natazama udongo. Ya pili niliifikiria zaidi: niliweka chupa ndogo ndani ya ile kubwa, udongo ukabaki mwembamba pembeni, na vijia vyao vikaanza kuonekana kwenye kioo kama mishipa ya mkono. Nilipiga kelele za furaha mpaka jirani akaja kuuliza nani ameumia. Tatizo likawa mfuniko. Nilitoboa matundu makubwa kuliko sisimizi wenyewe, na asubuhi Mama akawakuta kwenye sukari.

"Konsolata! Wapangaji wako walipe kodi au wahame!"

Ndipo nikamwomba Baba vioo. Alikata vipande viwili sawasawa na kuvisugua kingo kwa jiwe visinikate. Nikaviachia nafasi ya unene wa penseli, nikazungusha vijiti vya mbao, nikaziba kwa masitiki ile anayobandikia vioo, na juu nikaacha mlango wa kumiminia udongo. Udongo nilichukua kwenye mchanga wake wa ujenzi, mzuri, uliochekechwa. Kwenye kona nilichomeka mrija wa kalamu iliyokwisha wino. Huo ndio ungekuwa njia ya kuingilia. Utambi wa taa ulileta maji polepole kutoka kwenye kizibo cha chupa nilichokijaza. Nyumba ikasimama wima kama dirisha dogo, na jua likapita upande huu hadi upande ule. Hata siku nilipopokea cheti cha sekondari moyo wangu haukwenda mbio hivyo.

"Mwanga kila upande," Baba alisema. "Hapa hata mimi ningehamia."

Kilichobaki ni wenyeji. Nilichimba kiwanja kizima, jiwe kwa jiwe, mpaka nikampata malkia, mnene, mweusi, na watu wake na mayai yao meupe. Niliwazoa wote na udongo wao kidogo ndani ya chupa, nikaunganisha chupa na ule mrija, nikangoja.

Hawakuingia. Mmoja alifika mlangoni, akapapasa kwa vile vipembe vyake, akarudi. Walijikusanya chini ya chupa wakimzunguka malkia, chupa ikazidi kukauka, na kila asubuhi nilitoa wafu. Niliwawekea sukari ndani ya ile nyumba ya kioo. Niliwabembeleza kwa maneno. Malkia akifa, mwingine ningemtoa wapi?

Wiki hiyohiyo Bibi alikuja. Baba alimfuata Muyinga akiwa na nia ya kumleta moja kwa moja, kwa sababu mguu wake ulikuwa unavimba na hakuna aliyekuwa akimchotea maji. Lakini Bibi alisema amekuja kusalimia tu, na Jumapili anarudi. Furushi lake aliliweka karibu na mlango, likiwa limefungwa, na alipotaka khanga ya kubadilisha alichomoa kwa pembeni bila kulifungua fundo.

Hakuwa ameketi vizuri alipouliza: "Moto wa nyumba hii ulitoka wapi?"

"Kwenye kiberiti, Mama," Baba akajibu.

"Na mlipoingia mlikuwa mmebeba nini cha kule?"

"Tulibeba vitanda. Tulibeba vyombo. Padri akaja akabariki."

"Padri amebariki kuta, namshukuru. Mimi nauliza moto."

Kwa Bibi jambo lilikuwa hivi: nyumba mpya huingiwa giza likianza kushuka, na mkononi uwe na kitu cha jiko la zamani. Ukiingia mchana kweupe mikono mitupu, nyumba haikushiki. Utakula humo, utalala humo, lakini siku moja utainuka uende, na hutajua ni kwa nini. Baba alisema hayo ni mambo ya zamani. Kwa bahati mbaya yake, jirani yetu Mama Asha akatokea uani wakati huohuo, kuku wawili kwapani.

"Mama Konso! Kuku yenu iko inalala kwangu tena. Mi nitaanza kuzila, eh!"

"Umesikia?" Bibi akamwambia Baba. "Hata kuku wanajua."

Ijumaa mchana alinikuta nalia mbele ya chupa. Nilimweleza yote: mrija, utambi, sukari. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza kesi.

"Nani alitangulia kuingia?"

"Hakuna, Bibi."

"Wamebeba nini cha kwao?"

"Hawajabeba kitu. Udongo ni mpya, wa Baba."

"Mtoto wee, umewapeleka mchana kweupe kama mbuzi wa sokoni, halafu unashangaa!"

Alivua kitenge chake cha begani, akaizungushia nyumba ya kioo mpaka ndani kukawa kiza. Akaniambia nichote udongo wa zamani kutoka kwenye chupa, kiasi cha kushika kwa vidole viwili, niutie kwa juu. Nikautia. Akasema nimtangulize mmoja. Nikamkamata mmoja kwa ncha ya unyasi, nikamwingiza. Kisha akaisogeza chupa juani, akavuta kikapu cha maharage.

"Sasa tusiwachungulie. Anayehama hapendi kuangaliwa."

Sijui tulimenya maharage kwa muda gani. Najua niliyamenya vibaya, maganda nikiyatia sufuriani na punje nikizitupa. Aliyeshindwa kuvumilia ni Odeta. Alilala kifudifudi mbele ya mrija, akapiga yowe.

"Wanakwenda! Da Konso, wamebeba watoto!"

Walikuwa wakipita mmoja mmoja ndani ya ule mrija mwembamba, kila mmoja na yai jeupe mdomoni, na wengine wakirudi mikono mitupu kuchukua mengine. Nilimwita Mama. Nilimwita Baba. Akaja na nyundo mkononi, akachuchumaa kati yetu. Ndipo malkia akafika kwenye mrija, na hapo nikajua kosa langu: nilipima njia kwa sisimizi wadogo, sikumpima yeye. Akakwama.

"Mrija ni mwembamba!" nikalia. "Baba, ukate!"

"Ukikata utamkata na yeye. Tulia."

Wadogo walikuja mbele wakamvuta, wengine wakabaki nyuma. Alisogea, akakwama, akasogea. "Sukuma, mama, sukuma," Bibi akamwambia, kwa sauti aliyokuwa akitumia alipowazalisha wanawake kule kambini, na Mama akashika tumbo kama vile ni yeye. Halafu malkia akatokeza ng'ambo, akapotea chini ya kitenge. Tulishangilia mpaka Mama Asha akachungulia juu ya ua.

Baba alifuta jasho. "Ni kiza tu, Mama. Kiza, na harufu ya udongo wao."

"Ndiyo," Bibi akasema. "Harufu."

Baba alirudi kazini, lakini sikusikia nyundo ikigonga.

Jumamosi tulipoamka hakuwepo. Mama hakujua alikokwenda, au alijua akanyamaza. Jioni, giza likianza kushuka, alisimama mlangoni na gunia la unga begani, amechoka, nguo zimejaa majivu.

"Konvoyeri wa basi, alipokuja kutoza nauli, amenitukana," alisema. "Ameniuliza, mzee, Gitega mmekosa mawe?"

Akalitua gunia mbele ya Bibi. Ndani mlikuwa na kopo la majivu na mafiga matatu ya jiko lake la Muyinga. Bibi aliinama, akayapapasa, akaligeuza la kwanza, la pili. La tatu alikaa nalo.

"Hili si letu."

Baba akainamisha kichwa. "Lako lilipasuka nilipoling'oa. Hilo nililiokota uani kwako."

Furushi lilikuwa bado pale mlangoni, na Jumapili ilikuwa kesho.

"Haya," Bibi akasema. "Mawili yatalifundisha la tatu."

Aliyapanga mwenyewe jikoni, akayamwagia majivu, akawasha moto. Kisha akalifungua fundo la furushi, akatoa nguo zake moja moja, akaniuliza atazitundika wapi.

Kuku, lazima niseme, waliendelea kulala kwa Mama Asha mpaka Mama alipowajengea banda. Bibi aliishi nasi mpaka mwisho wake.

Leo najua kwamba sisimizi hukimbia mwanga na ukavu na kufuata harufu ya kwao, na Baba alikuwa sahihi. Lakini nimekuwa mtu mzima nikahesabu nyumba za Bibi. Alikimbilia Tanzania akiwa amemfunga Baba mgongoni, mchana, mikono mitupu. Aliwekwa kwenye kibanda cha kambi, mchana, mikono mitupu. Malori yalipoturudisha yalitushusha Muyinga mchana, na mafiga aliyokuja kuyaita yetu aliyaokota mwenyewe kwenye kilima kile, kwa ajili ya nyumba ya kwanza aliyoichagua. Aliposema nyumba isiyoingiwa vizuri haikushiki, hakuwa akitisha watoto. Alikuwa akisema yaliyompata.

Baba hakuwahi kukiri kwamba aliamini. Bibi naye hakumdai.