Nusu Saa ya Bure ya Ami Babikir

Ami yangu Babikir, mdogo wa marehemu baba, ana ugonjwa usio na dawa, nao ni salamu. Mimi ni muuguzi na nimehudumia wagonjwa wa kila aina, lakini huyu amenishinda. Kule ughaibuni, Dammam, alikooka mikate kwa miaka, mwenye duka alimweka mbele auze. Foleni ikatoka hadi barabarani, kwa sababu ami hawezi kumpa mtu mkate kabla hajajua ameamkaje, watoto wake wameamkaje, na yule mama mkwe mwenye goti bovu anaendeleaje. Mwisho wakamhamishia nyuma kwenye tanuri, akawa anawasalimia wakanda unga.

Niseme na la upande wa pili, nisije nikaonekana sina shukrani. Baba alipofariki tulibaki na mama, wasichana wawili, mimi Ihsan na mdogo wangu Sulafa, hatuna kaka. Ami akatubeba. Ada za shule, nguo za Idi, bati la nyumba yetu ya Shendi, vyote vilitoka kwenye mikate ile. Nilipomaliza chuo akanitafutia kazi hospitali ya Dammam ili nisiwe mbali naye. Hajawahi kutukumbusha hata siku moja. Kwa hiyo siku niliyotaka kumnyang'anya simu na kuitupa, nilikuwa namkasirikia mtu ninayempenda kuliko wote.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla ya vita kuzuka kwetu Sudan. Sulafa alikuwa anaolewa na Mutasim, Ijumaa baada ya swala ya alasiri, nyumbani Shendi. Harusi hiyo ilishaahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza babu yake Mutasim alifariki, mara ya pili mto ulifurika ukakata njia. Mama yake Mutasim akatangaza mbele ya watu kwamba ikiahirishwa tena, basi ni mkosi, na yeye atamtafutia mwanawe mke kwingine. Mama yule hatanii. Na mwenye haki ya kumuozesha Sulafa, walii wake, alikuwa ami peke yake.

Tulipanda ndege mapema, mimi na ami, yeye na kilemba chake kipya kwenye begi la mkononi asije akakikunja. Hatujafika Khartoum, tufani ya vumbi ikaufunga mji mzima. Rubani akageuza kaskazini, akatutua kwenye uwanja mdogo wa ndege kusini mwa Misri. Hatukuwa na viza, kwa hiyo tukafungiwa ukumbi wa kusubiria. Laini zetu za Dammam hazikushika kitu. Kilichobaki ni intaneti ya bure ya uwanja. Unaandika namba ya pasipoti yako kwenye simu, unapewa nusu saa, na ikiisha ndiyo imeisha hadi kesho yake.

Mchana ulipita, vumbi halikutulia. Ilipokaribia alasiri nikaandika namba ya pasipoti ya ami na kutuma ujumbe Shendi kwa Haji Bushara, rafiki wa marehemu baba. Jibu likarudi upesi. Sheikh wa kufungisha ndoa amekubali walii amwakilishe Haji Bushara, yaani amfanye wakili wake, aozeshe kwa niaba yake. Ila sauti iliyorekodiwa haitaki. Anataka kumwona ami usoni na kumsikia mwenyewe. Tena tufanye haraka, ana ndoa nyingine ng'ambo ya mto kabla ya magharibi.

Moyo ukatulia. Sentensi moja tu ndani ya nusu saa, nani atashindwa?

"Ami, unasema 'nimemwakilisha Bushara', basi. Umenielewa?"

"Kwani mimi mtoto?" akasema, akavaa kilemba, akapiga simu.

Haji Bushara alitokea kwenye kioo, kajaa meno.

"Babikir! Salama?"

"Salama, Bushara. Wewe salama?"

"Salama. Umeshindaje?"

"Alhamdulillahi. Nyumbani salama? Watoto? Yule ng'ombe aliyekuwa halali usiku?"

"Siku hizi analala kuliko mimi."

"Ami, sheikh," nikanong'ona.

"Nimeanza tu, mwanangu. Nitamwachaje mtu hivihivi?"

Simu ikaanza kutembea mkono kwa mkono ndani ya hema la harusi. Shendi nzima ilikuwa pale, na kwetu hakuna anayepokezwa simu akaipitisha bila kusalimia. Kila mtu aliuliza, akaulizwa, akarudia kuuliza yale yale. Nikavumilia. Kisha simu ikarudi kwa Haji Bushara, na ami akakumbuka kwamba binamu wa Bushara alifariki mwezi uliopita na yeye hajatoa pole.

"Al-Fatiha," akasema, akaniwekea simu mapajani ili ainue mikono yote miwili.

Kule nako Bushara akaiweka simu chini, akainua mikono. Nikabaki natazama turubai la hema la Shendi, huku wazee wawili wanasoma Fatiha na muda wetu unakwenda. Msiba ni msiba, haukatizwi. Walipomaliza wakapangusa nyuso, wakaulizana alifariki na nini. Ndipo sheikh akapewa simu, akakaa vizuri, akarekebisha miwani.

"Babikir mwanangu, salama? Afya?"

"Salama, sheikh wetu. Wewe afya?"

Picha ikaganda. Kioo kikaandika kwamba muda wako umekwisha na karibu tena.

"Amekata?" ami akauliza.

"Intaneti imekata, ami! Umeimaliza kwa ng'ombe!"

"Ng'ombe ni kitu kimoja tu, Ihsan. Usizidishe."

Bado tulikuwa na pasipoti yangu. Kabla sijaandika namba nilimkalisha nikamwapisha. Hakuna salamu, hakuna ng'ombe, hakuna pole. Aliyefariki amefariki, tutakwenda tumsomee kaburini. Ami akaitika kila neno kwa huzuni, mithili ya mtu anayeambiwa aache chumvi.

Kumbe kule simu ilikuwa imekimbiliwa na baba yake Mutasim, Haji Elnur, mzee wa heshima zake, ambaye hakuwahi kupata nafasi ya kumsalimia mkwewe.

"Babikir, ndugu yangu! Salama? Umeamkaje, umeshindaje, safari—"

"Salama," ami akasema. "Sheikh yuko wapi?"

Haji Elnur akaisogeza simu machoni. Akamtazama ami, akawatazama waliomzunguka.

"Babikir. Umekasirika?"

"Sikukasirika. Nipe sheikh."

"Wallahi umekasirika. Jamani, mtu huyu kakasirika!"

"Haji, hajakasirika, muda hatuna!" nikaingilia, na sauti yangu nayo haikusaidia, maana nilikuwa nimekasirika kweli.

"Unaona? Hata binti kakasirika! Babikir, nani kakuudhi? Ni mahari? Sema, tuongeze. Ni maneno ya mke wangu? Leteni huyo mwanamke aombe radhi!"

Wakamleta. Mama yule ambaye hatanii akaja kuapa kwamba hakusema neno baya, na kama alisema basi waliompelekea ami wameongeza. Nyuma yake mtu akapaza sauti kwamba walii kakataa. Mwingine akauliza kakataa nini. Ami akawa anarudia "sikukasirika, sikukasirika" kwa sauti inayopanda, na kadiri ilivyopanda ndivyo walivyozidi kumbembeleza. Nikamwona sheikh kwa mbali akitazama saa yake, akisimama, akitafuta viatu.

Muda wako umekwisha. Karibu tena.

Niliketi sakafuni. Sasa hali ilikuwa mbaya kuliko kama tusingepiga kabisa, kwa sababu Shendi waliamini walii amekasirika na kuwakatia simu. Nilimfikiria Sulafa ndani na hina yake mikononi, akisikia kelele zile kupitia dirishani. Machozi yakanitoka bila kuyaita.

Ami alikuwa amevua kilemba. "Nimemharibia mtoto," akasema. "Nilitaka waone tuna adabu."

Nilitaka kumfokea, nikashindwa. Nikainuka nikaenda kaunta, kwa Madam Nagla, mama wa Kimisri aliyekuwa akisimamia ukumbi.

"Niongezee muda, mama. Nakuomba. Mdogo wangu anaolewa sasa hivi."

"Habibti, ningekuwa naweza ningeshakupa. Ni mashine, pasipoti moja mara moja. Na sisi wafanyakazi simu tunaziacha langoni." Akauangalia ukumbi. "Omba mwenzako ambaye hajatumia. Ila nyie Wasudani nyie! Tangu asubuhi nawasikia, 'salama, salama, umeamkaje', hadi inakata. Hakuna hata mmoja aliyefika kwenye habari yenyewe."

Alisema kweli. Nikazunguka benchi kwa benchi. Mwalimu mmoja alimaliza yake akimsalimia dada yake wa Omdurman. Vijana watatu wa ujenzi walimaliza zao kwa mama yao mmoja, wakipokezana. Kila niliyemuuliza alitikisa kichwa, na wengine wakataka kujua kwanza niko salama.

Kwenye kona alikaa bibi mmoja mnene, mtandio wake wa njano umefunika mpaka mkoba. Nilikaribia kumpita.

"Unatafuta nini, binti? Kaa."

"Pasipoti ambayo haijatumika kwenye intaneti, bibi."

"Yangu hii hapa. Mimi sina simu, nitaitumia na nini?" Akaanza kuufungua mkoba wake kwa utulivu. "Jina langu Saadiya. Nyie wa wapi?"

"Shendi."

"Shendi ya wapi? Kwa nani? Maana mimi mama yangu mzazi..."

"Bibi Saadiya," nikasema, nikampigia magoti, "nikipata ndoa hii nitakutajia ukoo wangu wote hadi Nabii Nuhu. Nipe pasipoti kwanza."

Akacheka hadi bega likatikisika, akanipa, akanyanyuka na kunifuata. Alisema hawezi kuikopesha pasipoti yake kwenye harusi halafu asiione harusi.

Nikaandika namba, nikampa ami simu. Safari hii sikumwapisha. Akakivaa tena kilemba, akapiga. Simu ikaita, ikaita, nikajua sheikh kashaondoka. Kisha uso wa Haji Bushara ukatokea, umekunjamana, na kabla hajafumbua mdomo ami akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Bushara, kimbia na hiyo simu! Mfuate sheikh!"

Bushara hakuuliza. Mzee wa watu akakimbia. Tuliona ardhi, kanzu, mbwa, ardhi tena, kisha mlango wa gari na sheikh mguu mmoja ndani.

"Mimi Babikir," ami akasema, hana hata "sheikh wangu". "Mimi ni walii wa Sulafa, binti wa ndugu yangu. Nimemwakilisha Bushara huyu amuozeshe kwa Mutasim. Kwa hiari yangu. Sikukasirika, sijawahi kukasirika, nampenda Elnur na mkewe na watu wote wa Shendi. Nimemaliza."

Sheikh alimtazama kana kwamba ameona ng'ombe anaongea. Katika maisha yake yote hakuna aliyemsikia Babikir akianza bila salamu.

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu."

"Basi nimesikia," sheikh akasema, akautoa mguu garini.

Wakarudi hemani. Simu ikaegemezwa kwenye birika, na sisi tukaona yote. Bushara na Haji Elnur wameshikana mikono, kitambaa cheupe juu yake, sheikh anatamka na wao wanafuata. Haji Elnur alipomaliza kukubali kwa niaba ya mwanawe, vigelegele vikapasuka kutoka upande wa wanawake hadi spika ya simu ikakoroma. Bibi Saadiya akajibu kwa kigelegele chake, kirefu, na wanawake wa ukumbi mzima wakampokea bila kujua nani kaolewa na nani. Madam Nagla akapiga makofi kaunta. Vijana wa ujenzi wakamnyanyua ami juu, kilemba kikaanguka. Mimi nilicheka na kulia pamoja na sikuona haya. Kifua changu kilikuwa chepesi, mtu angesema nimetoka kuzaa.

Walipomshusha, ami aliketi akihema, akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Bushara alikuwa ameipeleka simu ndani ya nyumba. Kioo kikajaa dhahabu na hariri nyekundu, na katikati yake Sulafa, macho yamevimba kwa kulia, wanja umesambaa.

"Ami," akasema.

"Naam, binti yangu."

"Umeniozesha hata hujanisalimia."

Ami akanigeukia. Aliniangalia tu, na mzee yule aliyetulea alikuwa ananiomba ruhusa. Nikatazama pembe ya kioo. Pasipoti ya Bibi Saadiya ilikuwa bado na muda mwingi.

"Msalimie, ami," nikamwambia.

Akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso.

"Sulafa. Salama? Umeamkaje, mwanangu? Umekula? Mikono inauma na hiyo hina? Mama yako yuko salama?"

"Salama, ami. Wewe umeamkaje?"

Niliwaacha, nikaenda kukaa na Bibi Saadiya nimtajie ukoo wangu. Muda ulipokatika, ami alikuwa bado anamuuliza kama ana furaha, na yeye alikuwa bado anamjibu.