Moto wa Ayeeyo Haukumponya Binti Yangu

Admin, jina langu lifiche kabisa. Garissa ni ndogo na mawifi zangu wamo humu kwenye kundi. Nina miaka thelathini na minne, naishi Waberi, nina duka la nguo na watoto watatu. Siku hizi sikai kitako. Nikikaa nainuka, nikishika kazi naiacha katikati.

Binti yangu wa kwanza ana miaka kumi na tatu. Kwa miaka miwili kipandauso kilimtesa zaidi ya nusu ya kila mwezi. Anatapika, hataki mwanga, analala na leso mbichi machoni wenzake wakiwa darasani. Vidonge tulijaribu vyote. Mwishowe daktari wa Nairobi akaniambia, "Mama, kuna sindano za botoksi. Kwa watoto hatuna uhakika kama kwa watu wazima, lakini kuna waliopata nafuu."

Nikampigia mume wangu, Aabo wa watoto, alikuwa Takaba kwenye biashara ya mifugo. Akafoka, "Ile sumu wanawake wanajidunga wasizeeke? Wallahi mtoto wangu hadungwi!" Akamwita mama yake kutoka Griftu. Ayeeyo, ndivyo watoto wanavyomwita bibi yao, akapasha msumari moto akamchoma mtoto kwenye panja zote mbili, kama walivyochomwa wazee wetu. Mimi ndiye niliyemshika mikono. Sijajisamehe mpaka leo.

Vidonda vilipona, maumivu yakabaki vile vile. Nikamdanganya mume wangu kwamba nampeleka mtoto Nairobi kupimwa macho. Akadungwa sindano ndogo ndogo kwenye paji la uso, kisogoni na shingoni. Mwanzoni sikuona tofauti. Baada ya awamu ya pili, kwa uongo ule ule, ndipo nilipomsikia akigombana na wadogo zake kama mtoto mzima wa afya, nikalia kwa furaha. Sasa kichwa kinamshika siku tatu nne tu kwa mwezi.

Na sifa alipewa nani? Ayeeyo! Mume wangu akamchinjia mbuzi. Mimi nikala ile nyama, nikanyamaza, nikajiona mjanja.

Sasa wifi yangu analeta binti yake wa miaka saba kwa Ayeeyo, ambaye bado yuko kwangu, Alhamisi hii. Naye anaumwa kichwa, achomwe apone kama wangu. Nilimwambia kwenye simu ampeleke hospitali kwanza. Akacheka: "Abaayo, dada yangu, dawa mnayo nyumbani kwenu, halafu unanituma kwa daktari?"

Nikisema ukweli, mume wangu atajua nilifanya alichonikataza. Sindano za awamu ya tatu ni mwezi ujao, akizizuia binti yangu anarudi kule kule. Nikinyamaza, mtoto wa watu anachomwa kwa sababu ya uongo wangu.

Leo Jumanne asubuhi, binti yangu akifunga viatu vya shule, kaniambia bila hata kuniangalia: "Hooyo, usipomwambia Aabo wewe, nitamwambia mimi."

Nishaurini jamani. Nianze na mume au na mama yake? Wa kunitukana atukane, lakini mwenye la kunisaidia aliseme kabla ya Alhamisi.