Beji Mia Tatu za Bi Lorna

Nina beji za kampeni elfu nne na ushee, nyingi za watu walioshindwa. Babu yangu, fundi bomba wa hapa hapa Iowa, ndiye aliyeniambukiza ugonjwa wa kuzikusanya nikiwa na miaka saba. Alinifunza kwamba beji ya mshindi imejaa kwenye kila droo, lakini ya aliyeanguka unaitafuta kwa tochi.

Nilirudi kutoka chuoni na moto kifuani. Nilimhutubia kila aliyesimama karibu nami, hata kwenye foleni ya donati, kwamba demokrasia huanzia mtaani. Kwa hiyo Bi Lorna Vanek, mpishi wa shule, alipogombea udiwani ili maktaba yetu isifungwe, mimi nilikuwa wa kwanza kujitolea. Alinikabidhi beji mia tatu nizigawe nyumba kwa nyumba.

Zilikuwa nzuri mno: samawati, herufi nyeupe, kitabu wazi katikati. Kwenye mlango wa kwanza mzee Sedlak aliichomeka yake kwenye kofia iliyolowa mafuta ya trekta. Niliumia kana kwamba nimechomwa mimi. Kwenye mlango wa pili mtoto aliitia mdomoni. Kuanzia wa tatu nikawa nahutubia tu, bila kumpa mtu beji. Zilizobaki nilizivika vifuko vya plastiki, moja moja, nikijiambia nahifadhi historia.

Bi Lorna aliponiuliza mbona beji hazionekani vifuani mwa watu, nilimjibu kwamba watu wa hapa ni waoga. Mimi, mtetezi wa wananchi, nikawasingizia wananchi.

Alishindwa kwa kura tisa. Kesho yake asubuhi, macho yangu bado mekundu, alinipigia Delbert, mkusanyaji mwenzangu wa mji wa Dubuque.

"Nasikia mama wa maktaba kaanguka. Pole, ndugu yangu. Unazo ngapi?"

"Mia mbili tisini na nane," nikasema, na Mungu anisamehe, nilisema kwa fahari.

Delbert akauliza, "Sasa watu walivaa nini?"

Nilikata simu. Nilibeba sanduku hadi jikoni kwa Bi Lorna, nikamkuta anakanda unga wa kolache, vile vimikate vya jamu, nikamwambia yote. Aliendelea kukanda muda mrefu.

"Kumbe ulinifanyia kampeni kabatini," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Baraza linapiga kura ya kuifunga maktaba Alhamisi. Nataka ukumbi mzima uwe samawati. Keti hapo, vua hiyo mifuko."

Nikaketi, nikavua. Kwenye ya mia moja na kitu nilikuta herufi moja imechapwa kichwa chini. Kosa la kiwandani, moja tu katika sanduku zima. Mkusanyaji anaweza kuzeeka asiione ya namna hiyo. Niliigeuza mkononi. Bi Lorna aliacha kukanda, akanitazama.

Niliivua nayo nikaitupa kwenye rundo la kuvaliwa. Ila sikuivua haraka.