Tonge la Udongo Kiganjani

Mjukuu wangu anasomea sanaa na ubunifu. Kila anapopewa kazi hukaa anatafuta michoro ya watu, anatafuta weee, kisha ananiuliza, "Bibi, nyie mlitafuta wapi?" Nilimjibu kwa mdomo, hakutosheka. Basi naandika.

Enzi za Mwingereza, sisi wa milimani juu ya Gonja tulikuwa na vyungu vyetu, na kila nyumba ya wafinyanzi ilikuwa na nakshi yake shingoni mwa chungu. Mwanamke akikipapasa tu, alijua kimetoka kwa nani. Mimi nilifundishwa na shangazi yangu. Nilipoweza kufinyanga chungu kisichopinda, aliniambia: "Sasa tafuta nakshi yako. Usiniletee ya mtu. Hiki kikikauka kitupu, hakiingii motoni, na wewe utarudi kuchota maji. Mkekani pa kufinyangia atakaa binamu yako."

Binamu yangu alikuwa amesimama hapo hapo, anatabasamu. Nilitamani kumng'ata.

Chungu nilikifunika kwa majani mabichi ya mgomba kisikauke upesi, nikachukua tonge la udongo laini, nikaingia njiani. Kila nilichokiona kizuri nilikibandika tonge, nikalibandua, nikatazama. Gome la mti. Mkeka. Gunzi la hindi. Bawaba ya mlango wa kanisa. Jamani, nilifurahi! Vitu nilivyopita mbele yavyo miaka yote vilikuwa vimejaa mistari, na mimi sikujua. Nilitembea nacheka peke yangu kama mwehu.

Siku ya gulio nikateremka Gonja. Hapo nikakiona chungu kina nakshi kama mifupa ya samaki, kimekaa kimetulia. Nikachutama, nikabandika tonge langu.

"We mtoto! Unabandika nini kwenye chungu changu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinizungushe kwa shikamoo. Unafanya nini?"

"Naangalia tu."

"Unaangalia kwa kiganja?"

Jirani yake muuza ndizi akaangua kicheko. "Mwache, shoga, huyu macho yake yako mkononi!"

"Fungua mkono," mwenye chungu akasema, akanishika wa kulia. Mtupu. Tonge lilikuwa kushoto, maana mimi ni wa kushoto tangu kuzaliwa, na shangazi alikuwa akinichapa mkono huo kila nikiutanguliza. Siku hiyo uliniokoa. Nikapanda mlima mbio.

Nyumbani nikalichoma lile tonge kwenye makaa mpaka likawa gumu, nikaligandamiza shingoni mwa chungu changu, pande zote. Mifupa ya samaki ikatokea, safi kabisa. Nikamwita shangazi.

Akapitisha kidole gumba mara moja tu. "Hii ni ya yule mama wa Gonja. Umeleta hata pengo lake, hapa alipoteleza." Akalowesha kiganja, akaisugua yote ikafutika. "Nilisema utafute. Sikusema ukabebe."

Chungu kilikuwa kimeanza kukauka ukingoni.

Jioni hiyo tukatumwa kuni, binamu na mimi. Tukakaa tunasokota kamba za mgomba mapajani za kufungia mizigo. Akachukua yangu aiunge na yake, ikafumuka. "Kamba zako kichefuchefu," akasema. "Hazikubali kukaa na za watu. Zimesokotwa kinyume."

Kinyume! Niliacha kuni pale pale. Namsikia mpaka leo ananiita, "Mzigo nitabeba mimi? Nitakusemea!" Sisemi uongo, sikugeuka.

Nikasokota kamba nyembamba, nikaikaza, nikapaka maji shingo ya chungu, nikaibingirisha kamba juu yake taratibu kwa mkono wa kushoto. Mistari midogo ikatokea, imelala upande ambao sikuwahi kuona mistari ya kamba ikilala, si kijijini, si gulioni. Nikakishika kwa mikono miwili nisikiangushe.

Shangazi akaja na kidole gumba chake. Akapapasa, akarudia. Kisha akasokota kamba yake mwenyewe, akaibingirisha kwenye kipande cha udongo, akaweka kando ya chungu. Yake imelala huku, yangu kule.

"Nani amekuonyesha?"

"Mkono wangu."

"Huo ninaouchapa?"

"Ndiyo, shangazi."

Binamu akaingia na mizigo miwili kichwani, anahema, amefura kwa hasira, akafungua mdomo anisemee. Shangazi akamwahi: "Tua hizo kuni, ulete majani mabichi. Chungu cha mwenzio kifunikwe kikauke polepole."

Siku ya kuchoma shangazi alikiweka motoni yeye mwenyewe, katikati ya vyake. Mimi niliruka juu mpaka nikagombezwa. Mkono wa kushoto hakuuchapa tena.