Gari Lisilo na Sheria

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na hasira yake haijanitoka. Serikali ya kaunti ilikuwa imeshakuja, Isiolo imepata lami mpya na taa za barabarani, na haukupita mwezi bila sherehe ya kitu fulani. Siku hiyo sherehe ilikuwa ya gari.

Lilikuwa gari la mashindano la zamani, na sitakudanganya, lilikuwa zuri. Pua imelala karibu iguse lami, injini imewekwa nyuma ya viti, na juu ya mkia kuna bawa pana kama kitanda cha mtoto. Mwenyewe, tajiri mmoja kutoka Nairobi, alikuwa amelifufua skrubu kwa skrubu. Mtangazaji akatueleza kwamba liliundwa enzi ambayo mainjinia walikuwa huru: injini kubwa utakavyo, bodi nyepesi utakavyo, hakuna wa kukuuliza. "Enzi ya uhuru wa kweli," akasema, na watu wakapiga makofi. Kisha akaongeza kwamba gari la aina hiyo lililetwa nchini moja tu, na kwamba dereva wake wa kwanza alilifanyia majaribio huku kwetu, kwenye barabara ya Merti.

Hapo nikajua. Gari hilo nilikuwa nimeshaliona.

Nilikuwa kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinaota. Baba yangu alikuwa aba herega wa kisima chetu karibu na Biliqo, yaani mwenye kupanga zamu ya maji. Wakati wa ukame, mpango ule ndio uliotuweka hai. Mtu mwenye kiu hunywa papo hapo, awe nani, atoke wapi. Kingine chochote hungoja. Baba hakuwa na askari wala bunduki. Alikuwa na fimbo, na sikuwahi kumwona akimpiga mtu nayo.

Gari lilifika likifuka mvuke. Dereva na fundi wake walipewa maji, na vikombe vikajazwa tena kabla hawajaomba. Kisha fundi akatumbukiza debe kwenye hori, mbele ya ng'ombe wa mjane mmoja. Baba akaweka fimbo juu ya debe.

"Kijana, nyinyi mmekunywa. Hii chuma yenu itangoja zamu."

Dereva akacheka. "Mzee, hii gari haina sheria. Hata huko ilitengenezwa, hakuna mtu anaiambia kitu."

"Basi haina maji," Baba akasema.

Wakangoja. Walipata debe lao baada ya mbuzi wa mwisho, na walipokuwa wanaondoka Baba aliinama dirishani akamwambia dereva: "Kwa ile kona kuna watoto wanarudi na punda. Pita polepole." Dereva akaitikia kwa kichwa.

Hakupita polepole. Alikuwa anafidia muda aliodhani tumemwibia. Binamu yangu Guyo alikuwa kando ya barabara na punda wa maji. Punda alikufa palepale. Guyo alisagwa mguu, na baadaye ukakatwa chini ya goti. Nilikuwa wa kwanza kufika, nikawakuta wanaume wale wawili wamechuchumaa mbele ya gari, wanapapasa ufa kwenye pua yake. Gari kwanza, mwanangu. Walimpeleka hospitali, siwezi kuwasingizia, kwa gari lao la vifaa lililofuata nyuma. Lakini nilichokiona kwanza ni migongo yao.

Sasa fikiria tumesimama mjini, tumeshakuwa wazee, na mtangazaji anasifu uhuru. Guyo alikuwa kando yangu na mkongojo wake. Ana kibanda cha viatu huko mtaa wa Wabera, na hupenda kusema kwamba yeye ndiye mteja pekee anayejiuzia nusu jozi. Akasogea, akapitisha kidole kwenye pua ya gari.

"Hapa palikuwa na ufa," akamwambia mwenyewe.

Tajiri akatabasamu. "Nimeondoa alama zote, mzee wangu. Sasa iko kama siku ilizaliwa."

"Na mimi?" Guyo akauliza.

Yule bwana hakuelewa, na hakuuliza.

Watoto walikuwa wamekaa ukingoni, upande huu wa mtaro, nyayo zao juu ya lami, na mjukuu wangu Kabale kati yao. Hakukuwa na kamba hata moja ya kuwazuia, na tajiri alikuwa ameshaingia garini tayari kulikimbiza. Nilipowauliza waandaaji, wakaniambia ni mbio fupi tu. Basi nikaingia barabarani na fimbo ya baba yangu, nikasimama mbele ya ile pua. Guyo akaja akasimama nami.

"Buda, toka hapo, unatuharibia video," kijana mmoja akaita.

"Wazee wawili, miguu tatu, na wamefunga barabara," dereva wa boda akasema, na watu wakacheka, Guyo pia.

Tajiri alishuka garini uso umewiva. "Nani amekupa ruhusa ya kufunga barabara?"

"Ruhusa ilitolewa Biliqo, kabla hujainunua. Haiendi mpaka watoto wavuke ule mtaro."

Tulisimama tukitukanwa. Mwishowe mama mmoja akambeba mwanawe akavuka mtaro, na wengine wakamfuata. Kabale alivuka analia. "Babu, umeniaibisha."

Tukaondoka barabarani. Gari likaenda, kasi ya ajabu, limenyooka kama uzi, likarudi salama.

"Umeona, mzee?" yule wa boda akaniambia. "Hakuna kitu imefanyika."

Mwanangu, maneno hayo ndiyo ninayokutakia uambiwe mara nyingi. Ukiona hatari, simama mbele yake kabla haijapata jina la mtu iliyemuumiza. Watakucheka, na wako mwenyewe atakuonea haya. Simama tu. Na yeyote akikusifia enzi isiyokuwa na sheria, mwulize nani alikuwa kando ya barabara. Sina chuki na chuma. Hasira yangu ni kwa watu waliojua kurudisha kila kitu cha gari kama kilivyokuwa, wasimtafute hata siku moja mtu lililomgonga.

Mungu akupe nagaa, amani ile tunayoombeana kisimani. Akupe siku nyingi zisizokuwa na la kusimulia, urudi nyumbani kila jioni na miguu yako yote, na Guyo akuuzie jozi kamili.